Krismasi katika bustani za wanyama: Taa zinazolipia nyasi za majira ya baridi

WAKATI familia nyingi nchini Kenya zinapofunga safari kuelekea mashambani kwa sherehe za Desemba, wakazi wa miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini huwa wamejifungia majumbani kukwepa baridi. Mjini Berlin, Ujerumani, jua huzama kabla ya saa kumi alasiri katika siku za Krismasi.

Mtu angetarajia kwamba katika kipindi kama hicho bustani za wanyama zingefunga malango hadi hali ya anga ibadilike. Kinyume na matarajio hayo, Desemba imegeuka kuwa mojawapo ya miezi yenye shughuli nyingi katika bustani kadhaa za nchi hizo, na wageni hufika usiku.

Kinachowavutia si simba wala tembo, kwani wengi wa wanyama hao huwa wamelala. Wageni huenda kutazama taa.

Mfano wa Cincinnati

Bustani ya wanyama ya Cincinnati, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ni miongoni mwa zilizotangulia katika desturi hii. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1875 na ni miongoni mwa zile kongwe zaidi nchini humo, pamoja na ile ya Philadelphia, iliyofunguliwa mwaka mmoja kabla yake.

Tamasha lake la taa lilianza mwaka wa 1982. Tangu wakati huo, kuanzia Novemba hadi mapema Januari, miti, vichaka, madaraja na paa za majengo hupambwa kwa taa ndogondogo za rangi. Katika miaka ya hivi karibuni idadi ya taa hizo imepita milioni 4.

Familia hutembea humo zikinywa chokoleti moto, watoto hupanda gari-moshi dogo linalozunguka bustani, nao wazee huota moto. Tamasha kama hilo huandaliwa pia Chicago na Portland nchini Marekani, na Calgary nchini Kanada.

Taa za zamani zilimeza umeme mwingi. Hii ndiyo sababu bustani nyingi zilihamia kwenye taa za LED, ambazo hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo. Cincinnati ilipiga hatua zaidi mwaka wa 2011 ilipofunika eneo lake la kuegesha magari kwa paneli 6,400 za kuzalisha umeme wa jua.

Tumbo halina likizo

Kiini cha sherehe hizi ni hesabu za fedha. Duka likikosa wateja, mwenyewe anaweza kulifunga kwa miezi mitatu. Bustani ya wanyama haina uwezo huo. Tembo mmoja mkubwa hula zaidi ya kilo 100 za nyasi na majani kwa siku, wageni wawepo wasiwepo.

Aidha, gharama hupanda wakati mapato yanaposhuka. Nyasi mbichi hazioti chini ya theluji, hivyo ni lazima bustani zinunue nyasi kavu. Vibanda vya twiga, viboko na sokwe lazima vitiwe joto usiku na mchana, na maji ya kunywa yazuiwe kuganda.

Dharura nazo hazingoji majira ya joto. Mnamo Januari 24, 2017, kiboko aitwaye Fiona alizaliwa katika bustani hiyo ya Cincinnati, takriban wiki sita kabla ya wakati wake. Alikuwa na uzani wa kilo 13 pekee, ilhali kiboko mchanga kwa kawaida hufikisha angalau kilo 25.

Watunzaji walimkesha usiku na mchana wakimlisha kwa chupa. Alipoishiwa maji mwilini, wahudumu wa hospitali ya watoto mjini humo waliitwa kumtafutia mshipa wa kumtilia dawa. Fiona alipona, akakua na kuwa kivutio kikuu cha bustani hiyo.

Hatari ya kukosa wageni ilidhihirika wazi mwaka wa 2020, bustani zilipofungwa kutokana na janga la Covid-19. Mnamo Aprili mwaka huo, bustani ya Neumünster, kaskazini mwa Ujerumani, ilifichua kwamba imeandaa orodha ya wanyama ambao wangechinjwa ili kuwalisha wenzao iwapo fedha zingeisha kabisa.

Kwa hivyo, tikiti inayonunuliwa usiku wa Desemba ni zaidi ya burudani. Ni nyasi, ni samaki na ni mshahara wa mtunzaji atakayeamka alfajiri ya Krismasi, maana hata siku hiyo mazizi lazima yafagiliwe.

Wanaofurahia baridi na wanaoiogopa

Si wanyama wote wanaoteswa na majira hayo. Kwa dubu wa Aktiki, chui wa theluji na simbamarara wa Siberia, baridi ndiyo starehe.

Katika mji wa Asahikawa, kisiwani Hokkaido nchini Japani, bustani ya Asahiyama huwatembeza pengwini wake juu ya theluji mbele ya wageni kuanzia Desemba hadi Machi. Matembezi hayo yana faida ya kiafya, kwani pengwini hao hunenepa kupita kiasi wasipofanya mazoezi wakati wa baridi.

Wanyama wa Afrika wana hali tofauti. Twiga, kwa miguu yake mirefu na kwato zake laini, anaweza kuteleza kwenye barafu na kuvunjika mfupa, na mnyama wa kimo hicho si rahisi kuinuliwa akianguka. Kwa sababu hiyo, yeye hushinda ndani siku za barafu. Viboko hutengewa vidimbwi vya maji yaliyotiwa joto.

Zawadi ya mti uliobaki

Wanyama hawajui Krismasi ni nini, lakini hupata mgao wao. Watunzaji huficha chakula ndani ya maboksi ya karatasi na kuwaachia wanyama wayapasue. Lengo ni kumpa mnyama kazi ya kutafuta riziki, jinsi ambavyo angefanya porini, badala ya kumletea chakula sinia mezani.

Mjini Berlin, desturi inayojulikana zaidi hufanyika baada ya sikukuu. Mapema Januari, miti ya Krismasi iliyobaki bila wanunuzi hupelekwa kwa tembo na wanyama wengine. Tembo huivunja kwa mkonga, huitafuna na hata kuichezea.

Hata hivyo, miti iliyokwisha kupambwa nyumbani haikubaliwi. Huenda ina mabaki ya nyaya na vigae vya mapambo, au imepuliziwa kemikali. Bustani hupokea miti kutoka kwa wauzaji walioteuliwa pekee.

Jijini London, Uingereza, Januari ni mwezi wa kuhesabu. Bustani ya London, iliyoanzishwa mwaka wa 1828, hufungua mwaka kwa kuorodhesha kila kiumbe, kuanzia simba hadi wadudu, kwa sababu sheria ya leseni za bustani za wanyama inahitaji orodha hiyo.

Sherehe zikigeuka matanga

Kumbukumbu za miaka ya karibuni zinaonyesha kuwa msimu huu una hatari zake. Siku ya Krismasi mwaka wa 2007, simbamarara jike alitoroka kutoka kwenye ua wake katika bustani ya San Francisco, Marekani, akamuua kijana wa miaka 17 na kuwajeruhi wenzake wawili kabla ya kupigwa risasi na polisi. Uchunguzi ulibaini kwamba ukuta wa ua huo ulikuwa na kimo cha chini ya mita 4, ilhali kiwango kilichopendekezwa ni mita 5.

Alfajiri ya Desemba 23, 2017, moto ulizuka katika bustani ya London na kumuua mhanga mmoja pamoja na nguchiro wanne.

Mkasa mkubwa zaidi ulitokea Krefeld, Ujerumani, katika usiku wa kuukaribisha mwaka wa 2020. Taa za karatasi zinazopaa angani kwa nguvu ya moto ziliangukia paa la nyumba ya nyani. Zaidi ya wanyama 30, wakiwemo sokwe na orangutani, waliteketea.

Taa za aina hiyo zilikuwa zimepigwa marufuku katika jimbo hilo tangu 2009. Wanawake watatu, mama na binti zake wawili, walijisalimisha kwa polisi. Walikuwa wamezirusha kwa furaha ya mwaka mpya.

Kuna pia madhara yasiyo na kishindo. Mwangaza na kelele za usiku huweza kuvuruga usingizi wa wanyama, hasa ndege. Bustani zinazojali hilo huelekeza taa kwenye njia za wageni, huepuka fataki, huwafungia wanyama ndani jioni na huzima mitambo kwa saa maalumu.

Wakosoaji hawaridhiki. Wao hushikilia kwamba mnyama wa nchi za joto hastahili kukaa miezi kadhaa ndani ya kibanda, hata kikitiwa joto namna gani. Wasimamizi wa bustani nao hujibu kwamba baadhi ya spishi zingekuwa zimetoweka lau si vibanda hivyo.

Mkenya aliyezaliwa ughaibuni

Mjadala huo unaihusu Kenya moja kwa moja kupitia mnyama mmoja: bongo wa milimani. Swara huyu mwekundu mwenye michirizi myeupe huishi porini nchini Kenya pekee, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na waliosalia huko hawafiki 100.

Miongo kadhaa iliyopita, bongo walikamatwa katika misitu hiyo na kupelekwa katika bustani za Marekani. Walizaana huko huku wenzao nyumbani wakiangamizwa na wawindaji haramu, magonjwa na ukataji wa miti.

Cincinnati ina nafasi yake katika historia hiyo. Mwaka wa 1984, viinitete vya bongo vilisafirishwa kwa ndege hadi mji huo kutoka bustani ya Los Angeles. Kimoja kilipandikizwa katika tumbo la uzazi la pofu jike, ambaye alizaa ndama wa bongo.

Januari 2004, bongo 18 waliozaliwa Marekani walirejeshwa katika hifadhi iliyo karibu na Nanyuki ili wazae. Machi 2022, hifadhi ya Mawingu ilifunguliwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na bongo wa kwanza wakaachiliwa humo kujifunza tena maisha ya msituni. Februari 2025, wengine 17 waliwasili Nairobi kutoka Florida.

Mpango wa Kenya ni kufikisha bongo 750 ifikapo mwaka wa 2050. Wale waliotoka ng'ambo huanza kwa kulishwa chakula walichokizoea, kisha hupunguziwa kidogo kidogo hadi watakapoweza kujitafutia majani msituni, ambako hakuna anayeuza tikiti.