Mali Bila Daftari

Wahenga walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Huenda wadhani, msomaji, kwamba methali hii yawahusu wafanyabiashara peke yao. La! Historia ya nchi nayo ni mali, na bila daftari hupotea vilevile.

Katikati ya jiji la Nairobi, kando ya barabara ya Moi, lipo jengo ambalo zamani lilikuwa Benki ya India. Humo leo mna Nyaraka za Taifa, idara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Palipotunzwa fedha sasa hutunzwa karatasi.

Tuseme wewe wakaa Dagoretti, magharibi ya jiji, nawe wataka kujua habari za shamba la babu yako katika miaka ya 1950. Utapekua majalada ya Nairobi, usione kitu. Sababu yake ni kwamba Dagoretti ilikuwa katika wilaya ya Kiambu, mpaka mipaka ya jiji ilipopanuliwa mwaka 1963. Karani wa siku zile hakukosea. Ila karatasi moja hukaa katika jalada moja, na jalada lina mlango mmoja tu.

Wakutubi walilitambua jambo hili zamani, ndipo wakakiandikia kitabu kimoja kadi kadhaa: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na ya mambo yaliyomo. Kompyuta imeiendeleza hekima hiyo. Faili moja yaweza kupewa lebo nyingi: Dagoretti, Kiambu, ardhi, 1954. Taja mojawapo, nayo kompyuta itakuletea faili, hata kama hujui imewekwa wapi. Milango imekuwa mingi.

Lakini lebo hufuata nia ya mkono ulioiandika. Mwaka 1961 serikali ya kikoloni ya Kenya ilianza kuyapiga majalada yake ya siri muhuri wa herufi W, nayo yakashikwa na maofisa wa asili ya Ulaya tu. Hiyo pia ilikuwa lebo, lakini kazi yake ilikuwa kuficha. Mengine yalichomwa moto. Mengine yalisafirishwa Uingereza kabla ya Uhuru wa 1963, yakawekwa hatimaye Hanslope Park, wala hayakuandikwa katika orodha yoyote iliyo wazi kwa watu. Mtafiti angewezaje kuomba kitu kisicho na jina?

Wazee waliopata mateso wakati wa Mau Mau walipofungua kesi London mwaka 2009, majalada hayo yalitafutwa, na mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba inayo. Mwaka 2013 ilieleza masikitiko yake, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya watu 5,228. Karatasi zilizofichwa zilipatikana; zilizochomwa hazirudishwi na kompyuta yoyote.

Basi, mwanafunzi, utakapohifadhi picha ya nyanya yako katika kompyuta, usiiite "picha ya kwanza" ukaiacha hivyo. Andika jina lake, kijiji chake, mwaka, na jambo lililokuwa likitendeka. Andika kweli, wala usifiche. Yuko mjukuu asiyezaliwa bado atakayekuja kuitafuta, nawe hujui atabisha mlango upi.