Mashada ya Krismasi Madirishani: Kutoka New England hadi Madinat Sultan Qaboos

Madinat Sultan Qaboos, mtaa wa vila nyeupe uliojengwa Muscat, mji mkuu wa Oman, katika miaka ya 1970, muongo wa kwanza wa utawala wa Sultan Qaboos bin Said aliyeshika madaraka tarehe 23 Julai 1970, ni mahali ambapo desturi mbili za kupamba nyumba hufuatana kwa majuma machache tu. Ya kwanza ni ya Siku ya Taifa, iliyokuwa ikiadhimishwa tarehe 18 Novemba, siku aliyozaliwa Sultan Qaboos, na ambayo tangu 2025 imehamishiwa 20 Novemba ili kukumbuka mwanzo wa utawala wa ukoo wa Al Busaidi mwaka 1744. Ya pili ni ya Krismasi, ambapo baadhi ya wakazi Wakristo kutoka nchi za nje hutundika mashada, yaani matawi yasiyopukutisha majani, yaliyopindwa duara na kufungwa utepe mwekundu. Hii ya pili hudhaniwa kuwa ya kale sana, na dhana hiyo ni kweli nusu tu.

Shada lenyewe ni la kale, kwani Warumi walilivika vichwani mwa washindi, na mwaka 1839 mchungaji Johann Hinrich Wichern wa Hamburg alitundika gurudumu lenye mishumaa mikubwa ya Jumapili na midogo ya siku za kazi, ili watoto aliowalea wahesabu siku za Majilio, kipindi cha kuingojea Krismasi. Gurudumu hilo lilikuwa pambo la ndani. Kulitoa shada nje na kulitundika dirishani, moja kwa kila dirisha, ni mtindo uliostawi hasa Marekani, na hata huko haukuanza na walowezi wa kwanza. Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali walioitawala Massachusetts huko New England, waliiona Krismasi kuwa uzushi usio na msingi katika Biblia, na kuanzia 1659 hadi 1681 aliyeisherehekea huko alitozwa faini ya shilingi tano. Jimbo hilo halikuifanya kuwa siku ya mapumziko hadi 1856. Jambo hili linawahusu wasomaji wa Kiswahili kuliko linavyoonekana. Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alipotia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, mjini Muscat mwaka 1833, na Richard Waters wa Salem alipofika Unguja akiwa balozi mdogo wa Marekani mwaka 1837, Krismasi ilikuwa bado haijatambuliwa rasmi katika Massachusetts, jimbo ambalo Waters na wafanyabiashara wengi wa Kimarekani wa Unguja walitoka. Kwa hiyo ni kosa kufikiri kwamba meli za Salem, zilizoleta vitambaa vya merikani na kuondoka na karafuu na pembe za ndovu, ndizo zilizoleta mashada.

Mtindo huo ulipata nguvu kubwa katika miaka ya 1930 huko Williamsburg, Virginia, mji wa kikoloni uliokarabatiwa kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo. Wapambaji wa mji huo walitundika mashada ya majani na matunda, wakiiga sanamu za udongo za ukoo wa della Robbia wa Florence wa karne ya 15, na wageni waliozuru waliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa zama za wakoloni. Picha zikaenea, na desturi changa ikavaa umri isiokuwa nao.

Ilipofika Muscat, desturi hiyo ilikuta ujenzi wa namna nyingine. Dirisha la New England hutazama barabara bila kizuizi, na shada lake ni salamu kwa mpita njia, ilhali vila ya Madinat Sultan Qaboos imezungushiwa ukuta, hivyo shada la dirishani huonwa zaidi na aliyekwisha karibishwa. Taa za Siku ya Taifa, kinyume chake, huwekwa mahali pa kuonekana na wote. Tofauti hii haitamshangaza mtu aliyekulia katika nyumba za mawe za Unguja au Lamu, ambako mlango wa nakshi ulizungumza na mtaa, na zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo, zilihifadhiwa kwa wageni wa ndani.

Upande wa sheria, Sheria ya Msingi ya Oman ya mwaka 1996 ililinda uhuru wa kutekeleza ibada kwa mujibu wa desturi zinazokubalika na bila kuvuruga utulivu wa umma, ingawa 25 Desemba si sikukuu ya taifa nchini humo. Waomani waliorejea kutoka Zanzibar baada ya mapinduzi ya 1964, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili hadi leo, walitoka mahali ambapo siku hiyo ilikuwa ya mapumziko, na ambako jiwe la msingi la kanisa kuu la Kianglikana la Mkunazini liliwekwa siku ya Krismasi ya 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa.

Sababu nyingine ya shada kudumu katika mtaa huu ni ya kawaida kabisa. Amri ya Kisultani namba 12 ya 2006 iliwaruhusu wageni kumiliki nyumba katika maeneo maalumu ya kitalii, na Madinat Sultan Qaboos haimo miongoni mwake, hivyo wageni wengi wanaoishi humo ni wapangaji wasioweza kubadili sura ya jengo. Lakini shada la plastiki, ambalo halikaushwi na jua kama tawi la msonobari, huwekwa Desemba, huondolewa Januari, na mkataba ukiisha huhamishwa pamoja na mizigo mingine.