Begi kubwa la matairi kwa safari ya ndege: mtoto wa Moro achague lipi?



Kila ikikaribia Agosti na Septemba vijana wetu waliopata skolashipu, wa SUA, wa Mzumbe na wengineo, wanaanza kukimbizana na viza, chanjo na barua za chuo. Begi ndilo linakumbukwa mwisho. Zimebaki siku mbili ndege iondoke, mtu anaingia dukani, anauliza "lile kubwa kuliko yote bei gani?", analipa, anaondoka nalo. Sicheki mtu hapa, maana mimi nilifanya hivyo hivyo.

Begi langu la kwanza lilikuwa na urefu wa karibu mita moja, na chini lilikuwa na matairi manne madogo. Kwenye vigae vya dukani liliteleza lenyewe kama lina injini. Nyumbani kwetu ni juu, pande za Mgeta. Kutoka mlangoni mpaka barabarani ni njia ya mguu, mawe na utelezi, kwa hiyo matairi hayakugusa chini kabisa, binamu yangu alilibeba kichwani. Tulipofika Msamvu nikaliburuza mara ya kwanza kwenye kokoto, tairi moja likang'oka kabla sijaliona basi lenyewe. Dar, kwenye kaunta ya ndege, mzani ukasoma kilo 31. Tiketi yangu ilikuwa inasema 23. Nikafungua begi pale pale, foleni nzima inanitazama, nikaanza kutoa: unga wa mama kilo tano, viatu, vitabu viwili, mchele. Mjomba aliyenisindikiza akarudi na mzigo huo Moro kwa basi la jioni. Mama hakuwahi kuniuliza kuhusu ule unga, lakini najua mjomba alimwambia.

Sasa mdogo wangu naye anaondoka mwaka huu. Nimekaa nikaandika yote ninayoyajua, na ninyi wengine mchukue humo humo.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi tunaliwa. Mashirika mengi ya ndege yana kipimo cha sentimita 158 kwa begi la kuingia tumboni mwa ndege. Hiyo siyo urefu peke yake, ni urefu jumlisha upana jumlisha kimo. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima pande zote tatu, na matairi yahesabiwe humo, pamoja na mikono iliyojitokeza. Begi la sentimita 75 kwa 40 kwa 35 linafika 150, limepita vizuri, na ndani yake kuna nafasi ya lita 105. Lile la 90 kwa 45 kwa 40 linafika 175. Hilo kwenye mashirika mengi utalipia kama mzigo mkubwa kupita kiasi, hata likiwa jepesi. Yapo mashirika yanayojali kilo tu na kipimo chao cha ukubwa kiko juu zaidi, kwa hiyo soma tiketi yako, usisome ya rafiki yako.

Kilo nazo ziko hivyo hivyo. Daraja la kawaida mara nyingi ni kilo 23 kwa begi moja, wengine wanakupa mabegi mawili ya 23, wengine wanakupa jumla ya kilo na unagawa mwenyewe. Ila hata ukipewa jumla ya 40 au 46, usijaze zote kwenye begi moja. Begi moja likizidi kilo 32 kwa kawaida halipokelewi kabisa, kwa sababu kuna binadamu kule chini anayelinyanyua kwa mgongo wake. Kitu kingine, mashirika kadhaa yana ofa ya kilo za ziada kwa wanafunzi, ila lazima uombe wakati wa kukata tiketi ukiwa na barua ya chuo. Kwenye kaunta umechelewa.

Ukishajua hayo, swali la "kubwa kuliko yote" linakufa lenyewe. Mchele una uzito wa karibu kilo 0.8 kwa lita moja. Lita 30 tu za mchele ni kilo 24, yaani umeshapitiliza na begi la lita 105 bado lina nafasi ya robo tatu inayokuita uijaze. Begi kubwa sana linakuponza kwa sababu linakuonyesha nafasi, halikuonyeshi kilo. Na shangazi naye akiona bado pana nafasi, analeta cha kwake.

Kwa hiyo dukani swali la kwanza liwe "likiwa tupu lina kilo ngapi?" Begi laini la lita mia hivi, lisilo na matairi, linaweza kuwa na kilo moja na nusu mpaka mbili. Ukiliwekea matairi, mkono wa kuvuta wa chuma na ubao mgumu wa chini, linafika tatu na nusu, nne, mengine tano. Maana yake matairi unayalipia kilo mbili kwenye kila safari, kwenda na kurudi. Kwenye 23 zako, kilo mbili ni jozi ya viatu na jaketi. Muuzaji akishindwa kukujibu, mwombe jirani mwenye mzani. Wa duka la nafaka unatosha.

Je, hizo kilo mbili zinalipa? Hapa sikubaliani na wanaosema matairi ni lazima. Piga hesabu ya njia yako yote, kuanzia mlangoni kwenu. Dogo anayetoka Kihonda au Kilakala, bajaji inamchukua nyumbani, anapanda treni ya SGR pale Kihonda (abiria walianza kupanda Juni 2024 na Dar unafika chini ya saa mbili), halafu teksi mpaka uwanja wa ndege kule Kipawa. Huyo muda mwingi yuko kwenye lami na vigae. Anunue ya matairi bila kusita. Lakini anayeshuka kutoka Kinole, Tegetero au Nyandira, kwanza ni kichwani, halafu bodaboda, halafu buti la basi chini ya magunia. Huyo matairi yake hayatafanya kazi mpaka Dar, ila uzito wake anaubeba toka asubuhi.

Tena kubeba begi la matairi kichwani si mchezo. Ule ubao wa chini na vyuma vya mkono vinachoma. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hili, ndiyo maana kampuni nyingi za kupandisha watalii zinawaambia wageni waje na begi laini, lisilo na matairi wala fremu, na mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20. Akina mama wanaoshusha ndizi kutoka Uluguru hakuna aliyewawekea kikomo, lakini waulize wao kama wanataka kitu chenye kona ngumu utosini.

Mimi mdogo wangu nimemchagulia la matairi, kwa sababu moja tu: kule anakoenda hakuna binamu. Atashuka kwenye treni usiku, peke yake, na atavuta begi kilomita nzima. Ila nimeweka masharti.

Matairi yawe mawili, makubwa, yameingia ndani ya mwili wa begi. Manne madogo yanayozunguka kila upande ni mazuri kwenye ukumbi wa uwanja wa ndege, kwenye kokoto yanakwama na kwenye theluji ndiyo usiseme. Tairi la kipenyo cha sentimita tisa au kumi linapanda ukingo wa barabara. Lizungushe kwa kidole: likiendelea kuzunguka kimya kimya lina beringi nzuri, likisimama papo hapo achana nalo. Halafu tazama limefungwaje. La skrubu fundi yeyote atalibadilisha, la ripiti inabidi itobolewe na drili. Matairi yenyewe kwenye mabegi si ya zamani hivyo, Mmarekani Bernard Sadow alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1972, na ule mtindo wa magurudumu mawili na mkono mgumu ulianzishwa na rubani Robert Plath mwaka 1987. Kabla ya hapo dunia nzima ilibeba kama binamu yangu.

Mkono wa kuvuta, uvute mpaka mwisho kisha uutikise. Ukicheza sana dukani likiwa tupu, likijaa utapinda. Muhimu zaidi ni mikono ya kunyanyulia: iwe juu, ubavuni na mwishoni, iwe mikanda mipana iliyozunguka tumbo la begi. Iliyoshonewa juu juu tu inang'oka na kitambaa chake. Ngazi za treni na mabweni yasiyo na lifti ziko nyingi Ulaya kuliko tunavyoona kwenye filamu.

Kitambaa. Utaona imeandikwa 600D, 900D, 1000D. Hiyo D ni uzito kwa gramu wa uzi wa mita 9,000, kwa hiyo namba ikipanda uzi ni mnene. Ila 600D iliyofumwa vizuri na kupakwa utomvu mzuri nyuma inaishinda 1000D ya ovyo. Ligeuze ndani nje uangalie mishono imefunikwa utepe au nyuzi zinaning'inia. La turubai linazuia mvua vizuri, lakini zipu huwa inapitisha, na mvua za masika zinalikuta begi likiwa kwenye mkokoteni nje ya ndege. Zungushia nguo kwenye turubai jepesi. Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, usiitegemee.

Zipu ndiyo roho ya begi. Tafuta nene, meno mapana karibu milimita kumi. Zile za uzi zinafunguka kwa ncha ya kalamu ya wino na kufungwa tena bila wewe kujua, kwa hiyo kufuli haikulindi sana. Pasipoti, vyeti, hela, laptopu na dawa visiingie humo hata siku moja. Pawabenki nayo ni ya mkononi tu, tumboni mwa ndege haitakiwi, na isizidi Wh 100, ambayo ni kama mAh 27,000. Anayekwenda Marekani anunue kufuli yenye alama ya TSA, wakaguzi wa kule wana ufunguo wake. Nyingine wanaweza kuikata.

Mnauliza mitumba? Mimi naikubali. Kule Karume unaweza kupata begi imara kuliko jipya la Kariakoo la bei ileile, ila ingiza mkono kwenye kila kona, nusa kama lina ukungu, na ng'oa vibandiko vyote vya safari za mwenyewe wa kwanza. Kibandiko cha zamani kinaweza kulipeleka begi lako Toronto wakati wewe uko Berlin. Na lile la shangazi kaja? Kwa basi la Moro halina mpinzani, ila kwenye mikanda ya uwanja wa ndege zipu yake haina ubavu.

Kupakia: vizito viwe upande wa matairi, la sivyo ukilisimamisha linaanguka kifudifudi. Pima nyumbani, acha kilo moja ya tahadhari, mizani haifanani. Kuhusu zawadi za kula, nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kutoka kwetu kuingia na nyama wala maziwa, na matunda mengi yanataka cheti cha afya ya mimea. Tangu Desemba 2019 yaliyosamehewa ni matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na durian. Kwa mtu wa Kinole hiyo ni kama wametuandikia sisi. Lakini ndizi mbivu ndani ya begi laini, juu yake kilo 20 za watu wengine... bora mdalasini.

Kabla ya kulikabidhi, piga picha begi lote na vilivyomo. Andika jina, namba ya simu ikianza na +255 na imeili, nje na ndani pia. Kile kikaratasi cha namba wanachobandika kwenye pasi ya kupandia usikitupe. Begi lisipotokea au likitoka limechanika, usitoke kwenye ukumbi wa mizigo, nenda dawati lao ujaziwe ripoti. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Montreal, na unasema hivi: malalamiko ya uharibifu yawe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipopokea begi, ya kuchelewa ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Likipita siku 21 halijafika, unaruhusiwa kudai kama limepotea. Tangu Desemba 28, 2024 ukomo wa fidia ni SDR 1,519 kwa abiria, karibu dola 2,000. Huo ni ukomo tu, unalipwa kwa hasara uliyoonyesha, kwa hiyo zile picha na risiti ndiyo kesi yako. Mikwaruzo midogo hawalipi.

La mdogo wangu liko sebuleni hapa sasa hivi. Lita 100, tupu kilo tatu na gramu mia nane, matairi mawili ya skrubu. Jana tumelipima likiwa na kila kitu chake: kilo 19 na nusu. Mama ameshaambiwa zimebaki mbili na nusu, na tangu asubuhi anapepeta unga.