Kiziduo: mti, tui na panya wa maabara

Mchuuzi mmoja karibu na soko la Eldoret alinitia mkononi chupa ya majimaji yenye rangi ya chai ya rangi. "Mama, hii ni ekstrakti ya legetetwet. Imepimwa maabara, panya walipona." Nikamwuliza ekstrakti ni nini. Akajibu, "Ni ule mti wenyewe, ila umeongezwa nguvu."

Legetetwet tunaujua huku kwa matunda yake madogo meusi, matamu, yanayochumwa na watoto wakiwa machungani. Wataalamu huuita Carissa edulis. Ndio mugariga uliowavuta maelfu ya watu, Wakenya wakiwamo, hadi Loliondo, Tanzania, mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Babu Ambilikile Mwasapila.

Wako wanaoiita ekstrakti dondoo. Neno hilo halinitoshi. Ukidondoa mchele uliomwagika, unachokiokota bado ni mchele. Na dondoo la kitabu ni maneno ya kitabu kilekile. Mimi nashika kiziduo, kutokana na kuzidua, yaani kukitoa kilichomo ndani. Shina hilo ndilo lililotupa sekta ya uziduaji, ile ya madini, mafuta na gesi.

Tazama nazi. Unaikuna, unatia maji, unakamua kwa kifumbu. Linatoka tui zito, ukirudia linatoka jepesi, na machicha yanabaki. Tui si nazi, na uzito wake unategemea maji uliyotia. Maabara nayo hufanya vivyo hivyo, ila kiyeyushi huweza kuwa maji, ethanoli au methanoli, na kila kimoja huvuta kemikali zake. Kwa hiyo "kiziduo cha legetetwet" ni habari nusu. Cha tunda au cha mzizi? Kwa maji au kwa ethanoli?

Na panya wale wapo kweli. Mwaka 2006 watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na wenzao walichapisha utafiti wa kiziduo cha maji cha mizizi ya mti huu. Panya walioambukizwa virusi vya hepesi wakanyweshwa miligramu 250 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Wasiopewa kitu walikufa wote. Kwa waliopewa, vifo vilipungua kwa asilimia 70 hadi 90. Ni matokeo ya kutia moyo, nami najivunia kwamba yametoka kwetu.

Lakini panya wa gramu 20 alipata miligramu 5 tu. Mtu wa kilo 60 akizidisha kwa kilo zake atajinywea gramu 15. Mwili wa panya huchoma dawa upesi kuliko wetu, ndiyo maana mwongozo wa mamlaka ya dawa ya Marekani wa mwaka 2005 unashauri kipimo cha panya kigawanywe kwa 12.3. Hapo tunashuka hadi gramu 1.2 hivi, na hayo ni makadirio tu ya kupangia majaribio ya usalama, hayajawa kipimo cha tiba. Chupa ya mchuuzi haikuandikwa kipimo chochote.

Ndugu mhariri, neno kiziduo likipita mezani pako, usiliache peke yake: andika ni cha sehemu gani ya mmea, kimetolewa kwa kiyeyushi gani, kiasi gani, na aliyekinywa ni mtu au panya.