Salamabila: watu wake na njia zake

Salamabila ni mji mdogo wa dhahabu katika eneo la Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema. Kasongo iko upande wa magharibi, Kabambare upande wa kusini, na mgodi wa Namoya uko karibu kabisa. Ndugu wa makanisa yetu wanaopanga ziara au msaada hutuuliza kwanza maswali mawili: huko kuna watu wangapi, na mtu anafikaje? Tumeona vema kuyajibu pamoja, maana huko jambo moja linavuta lingine.

Watu

Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilifanyika mwaka 1984. Tangu hapo, kila hesabu ya Salamabila ni makadirio. Zinazotumika zaidi ni zile za zone ya afya ya Salamabila, ambayo wahudumu wake hupita kijiji kwa kijiji wakati wa chanjo. Lakini mama aliyekimbilia porini usiku haonekani kwenye daftari, wala kijana aliyefika juzi na sururu yake.

Wenyeji ni hasa Babuyu na Babangubangu. Kiswahili kiliingia sehemu hizi katika karne ya 19, pamoja na misafara iliyotoka Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kupita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe. Waislamu ni wengi tangu wakati huo, nasi tunaishi nao kama majirani.

Dhahabu ndiyo inayoongeza na kupunguza watu. Kampuni ya Banro kutoka Kanada ilianza uzalishaji wa kibiashara Namoya mwaka 2016. Wengine walipata kazi, wachimbaji wadogo wakagombea mashimo, na vikundi vyenye silaha vikaingia katika ugomvi huo. Mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi kwa sababu ya usalama. Kila mara risasi zinapolia, familia huelekea Kasongo au Kabambare. Kukitulia, baadhi hurudi.

Njia

Kwa mstari ulionyooka, Namoya iko kama kilomita 225 kusini-magharibi mwa Bukavu. Kwa barabara mwendo ni mrefu zaidi, maana njia ni za udongo. Mvua za Septemba hadi Mei huchimba mashimo, na madaraja ya miti huoza. Lori likikwama, pikipiki na baiskeli ndizo zinazobeba chumvi, sabuni, dawa na mafuta ya mawese.

Reli ya Kindu hadi Kongolo na Kalemie haifiki huku. Kati ya Kindu na Kongolo inapita ng'ambo ya magharibi ya mto Lualaba. Anayekuja kwa treni kwa upande huo lazima avuke mto, apite Kasongo, kisha aendelee kwa barabara.

Kwa nini hesabu ni muhimu

Dawa hupelekwa kwa kufuata idadi ya watu. Zikihesabiwa nyumba mia na wakimbizi wamelala mia nyingine kwao, dawa zitaisha kabla ya mwezi. Na shehena nyingine itachelewa njiani. Mama mwenye uchungu wa kuzaa huumizwa na mambo yote mawili: hesabu pungufu na barabara mbovu.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia yetu iandike kila mwezi idadi ya waliozaliwa, waliofariki, waliofika na walioondoka, bila kubagua dini wala kabila, na kupeleka jumla hiyo kwa zone ya afya. Tupeleke jumla tu. Orodha ya majina ikianguka mikononi mwa wenye silaha inaweza kumwua mtu.

Mtakaokwenda, ulizeni hali ya njia kwa walioipita wiki hiyohiyo. Na mkifika, msiulize kwanza habari za dhahabu. Ulizeni nani hayupo nyumbani kwake.