Bujora, makumbusho ya sayansi yasiyoitwa hivyo

Mzazi wa Mwanza anayetaka kuwapeleka wanawe mahali wanapoweza kujifunza sayansi kwa kushika na kujaribu, kwa kawaida huambiwa atazame mbali. Tanga kuna STEM Park, na huko watoto hucheza na vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, lakini kutoka ziwani hadi Tanga ni safari ya kuvuka nchi, na nauli ya watu watano si jambo dogo. Nashikilia kwamba familia hiyo ina mahali pa kuanzia karibu zaidi, kiasi cha kilomita 20 tu kutoka katikati ya jiji, kwenye kilima cha Bujora karibu na Kisesa. Yale tunayoyaita Makumbusho ya Wasukuma yamehifadhi ufundi wa moto, sauti na hesabu uliofanyiwa kazi kusini mwa ziwa kwa vizazi vingi. Tumezoea kwenda pale kutazama utamaduni, na kwa mazoea hayo tumepita sayansi iliyo mbele ya macho yetu.

Historia ya mahali penyewe inaeleza mazoea hayo yalikotoka. Bujora ilianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Canada, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Watu walimpa jina la Fumbuka. Clement alikaa na wazee wa Kisukuma, akakusanya ngoma, viti vya watemi, zana na habari zake, akajenga kanisa la mviringo lenye alama za utemi ndani yake, na makumbusho yakafunguliwa rasmi mwaka 1968. Nia yake ilikuwa ya kidini: alitaka Msukuma aingie kanisani bila kuvua Usukuma wake mlangoni. Mwaka mmoja baadaye, 1969, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium mjini San Francisco, jumba ambalo hutajwa kila inapoelezwa historia ya makumbusho ya sayansi ya kushika na kujaribu. Mtu anaweza kusema kuwaweka hawa wawili kwenye mstari mmoja ni kulazimisha, kwa kuwa mmoja alijenga mahali pa ibada na mwingine mahali pa majaribio. Ni kweli nia zao zilitofautiana. Lakini nia ya mjenzi haifungi matumizi ya jengo. Clement aliwapa wahunzi nyumba yao pale kilimani kama alivyowapa watemi jengo lenye umbo la kiti cha enzi, na ukishaweka zana za mhunzi mbele ya mtoto umeshaweka kemia.

Nyumba hiyo ya wahunzi, watu wa ukoo wa Walongo, ndiyo inayostahili muda mwingi kuliko zote. Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Kinachotoka ardhini ni jiwe lenye rangi ya kutu, yaani chuma kilichoshikamana na oksijeni, na kazi ya tanuri ni kuvitenganisha. Mkaa unaowaka kwa hewa kidogo hutoa kaboni monoksidi, gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na gesi hiyo hulinyang'anya jiwe oksijeni yake. Kwenye joto la nyuzi kama 1,200, uchafu wa jiwe huyeyuka na kutiririka, ndio tunaouita mavi ya chuma. Chuma chenyewe hakiyeyuki, maana chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Hubaki bonge lenye matundu kama sifongo, na mhunzi hulitia moto tena na kuligonga hadi uchafu uliosalia utoke. Joto likipungua, uchafu hautiririki. Hewa ikizidi, chuma hurudi kuwa kutu. Walongo na jamaa zao wa Uzinza, upande wa magharibi wa ghuba ya Mwanza, walitembea kwenye njia hiyo nyembamba bila kipimajoto, wakisoma rangi ya moto na mlio wa mvukuto. Majembe yao yalisafiri mbali ndani ya Usukuma na Unyamwezi, na kwa muda mrefu jembe lilikuwa sehemu ya mahari.

Mvukuto wenyewe ni somo. Ni mabakuli mawili ya mti au ya udongo yaliyofunikwa ngozi legevu, kila ngozi imefungwa kijiti, na mvukutaji huinua kimoja akishusha kingine ili upepo usikatike. Katika mivukuto mingi ya aina hii, mdomo haukazwi ndani ya mrija wa udongo unaoingia tanurini. Huachwa mwanya. Muulize mtoto kwa nini, na usimjibu haraka, kwani upepo unaopotea kwenye mwanya huo unaonekana kama hasara. Akijaribu kuinua ngozi kwa mawazo, ataona kwamba mrija uliozibwa kabisa ungevuta moto na gesi kutoka tanurini na kuunguza ngozi, ilhali mwanya unaruhusu hewa baridi ya nje iingie. Huo ni ugunduzi wa mtu aliyeunguza ngozi kadhaa kabla hajaelewa.

Pingamizi kubwa linakuja hapa: je, hii ni sayansi au ni mazoea yaliyozungukwa na miiko? Wafua chuma wengi wa maziwa makuu walitia dawa kwenye msingi wa tanuri, walijitenga na wake zao wakati wa kazi, na wanawake hawakuruhusiwa kukaribia. Sitaki kulipita jambo hilo juu juu, na binti anayetembelea Bujora leo ana haki ya kuambiwa wazi kwamba nyanya zake walizuiwa kusimama anaposimama yeye. Hata hivyo miiko haikufanya kazi ya moto. Ushahidi uko ng'ambo ya ziwa, kwa Wahaya wa karibu na Bukoba. Huko mwanaakiolojia Peter Schmidt na mwanametali Donald Avery walifanya kazi na wazee wa Kihaya ambao hawakuwa wametoa chuma tanurini kwa miongo mingi, kwa kuwa majembe ya bei rahisi kutoka ng'ambo yalikuwa yameizima kazi hiyo. Mwaka 1976 wazee hao walijenga tanuri na kulijaribu. Majaribio ya mwanzo hayakwenda walivyotaka. Wakarekebisha, wakapata chuma. Kujaribu, kushindwa, kubadilisha jambo na kujaribu tena ndiyo tabia tunayotaka watoto waipate shuleni.

Schmidt na Avery walichapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 1978, wakidai kwamba Wahaya wa miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita walipasha hewa moto ndani ya mirija mirefu kabla haijafika kwenye mkaa, mbinu ambayo Ulaya iliifikia katika karne ya 19. Wataalamu wengine walilipinga dai hilo, wakisema hewa ipitayo mrijani kwa kasi haipati muda wa kupata joto kubwa. Wapo wanaoona ubishi huo umeuvunja ushahidi wote. Mimi naona umeuongezea thamani. Kinachobishaniwa ni sababu ya tanuri kufanya kazi vizuri; kwamba chuma kilitoka, na kwamba kazi hiyo ni ya kale sana kandokando ya ziwa hili, halibishaniwi. Mtoto akisikia kwamba watu wazima wenye elimu bado wanavutana juu ya tanuri la babu zake, ataelewa kwamba hesabu haijafungwa.

Ngoma na namba hazihitaji maelezo marefu. Ngoma kubwa na ndogo zikipigwa kwa zamu zinaonyesha uhusiano wa ukubwa na mlio upesi kuliko mchoro wa ubaoni. Bujora pia wamehifadhi namba za moja hadi kumi kama zilivyotajwa na makundi mbalimbali ya Kisukuma, vijana kwa maneno yao, wanawake kwa yao, wazee kwa yao, ili kundi moja lizungumze bila jingine kuelewa. Hiyo ni lugha ya siri, na kanuni yake ndiyo inayolinda pesa zetu kwenye simu leo: ujumbe unasafiri hadharani, maana yake wanaijua wenye ufunguo.

Wapo watakaosema mtoto wa leo anahitaji kompyuta na roboti kuliko mvukuto. Anavihitaji, na jiji la ukubwa wa Mwanza linastahili jumba lake lenye vitu hivyo. Lakini Erasto Mpemba hakuwa na roboti mwaka 1963 alipokuwa mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto akitengeneza aiskrimu. Aliona maziwa ya moto yakiganda mapema kuliko yaliyopozwa, alichekwa, akaendelea kuuliza, na mwaka 1969 akachapisha jambo hilo pamoja na mwanafizikia Denis Osborne. Alichokuwa nacho ni kitu halisi mbele yake na ujasiri wa kutoamini kwamba ameona vibaya.

Basi anayepanga safari ya Jumamosi apande daladala za Kisesa zinazopita Igoma, afike asubuhi kabla jua halijakaza, aombe mwongozaji aanze na nyumba ya wahunzi watoto wakiwa na nguvu, kisha ngoma, kisha namba, na viti vya watemi viwe vya mwisho. Aulize kipi kinaruhusiwa kushikwa, kwani vingine ni vya zamani mno. Mwenye nafasi mwezi Juni aende wakati wa sikukuu ya Bulabo, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinaposhindana kucheza. Na kwa wanaosimamia makumbusho nina ombi moja: Bulabo ijayo, jengeni tanuri la udongo pembeni ya uwanja na liwashwe mbele ya umati, wavulana na wasichana wakipokezana mvukuto. Kazi ya wazee wa Kihaya imeandikwa, na mkaa upo.