Herb Alpert: Chali wa tarumbeta nyuma ya 'Hypnotize', na kava iliyopakwa povu la kunyolea

'Hypnotize' ya The Notorious B.I.G. ikigongwa kwa mathree, ile bit yenye inakutingisha kichwa ni ya kitambo kuliko Biggie mwenyewe kuwa rapa. Ilitolewa kwa 'Rise', ngoma ya 1979 ya Herb Alpert, chali wa tarumbeta kutoka Los Angeles. 'Rise' ilifika namba moja Marekani bila mtu kuimba. 'Hypnotize' nayo ikashika namba moja mwezi wa tano 1997, Biggie akiwa ameuliwa mwezi wa tatu.

Lakini stori tamu ya huyu mzee iko 1965, na inaanzia kwa kava.

Albamu inaitwa 'Whipped Cream & Other Delights'. Juu kuna msupa, Dolores Erickson, amekaa ndani ya mlima wa krimu, ua la waridi mkononi, anakuangalia ni kama anajua siri yako. Na alikuwa nayo siri. Alikuwa na mimba ya miezi kama mitatu, na ile "krimu" ilikuwa povu la kunyolea ndevu, juu krimu ya ukweli ingeyeyuka chini ya taa za studio. Ya ukweli ilikuwa tu ile ya kichwani. Wababa walimezea mate povu miaka yote hiyo, manze.

Ndani hakuna wa kukuimbia, ni tarumbeta tu, na karibu kila ngoma imepewa jina la kitu ya kula: asali, ndimu, njugu, pilipili hoho, hadi dengu. Ukiwa na muziki bila maneno, jina na picha ndizo zinaongea na mnunuzi. Albamu ikauza zaidi ya kopi milioni 6 Marekani. Kwa shoo, Alpert alikuwa anawatania mashabiki ati pole, hiyo kava hatuwezi kuwapigia.

Hata bendi yenyewe ilikuwa mchezo. Tijuana ni mji wa Mexico, lakini Alpert si Mmexico. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki. Kwa 'The Lonely Bull' ya 1962 hakukuwa na bendi: alirekodi tarumbeta yake, akarekodi ingine juu yake, akaongeza kelele za mashabiki wa mchezo wa fahali. Wachezaji wa kuzunguka nao wakatafutwa baadaye, watu wakishadai shoo. Leo angeitwa feki mtandaoni kabla ya saa sita mchana. 1966, huyo "feki" aliuza rekodi nyingi kuliko The Beatles huko Marekani.

Na kuna sehemu Afrika inaingia. Mwezi wa saba 1968, Alpert alikuwa namba moja na ngoma ameimba mwenyewe. Mwenye alimtoa hapo ni Hugh Masekela wa Afrika Kusini, na 'Grazing in the Grass', tarumbeta pia, bila maneno. Hawakuwekeana beef; 1978 wakatoa albamu pamoja.

Ukitaka kuanza, anza na 'A Taste of Honey', ngoma ya kwanza kwa hiyo albamu ya povu. Mara muziki unanyamaza, unabaki na dramu peke yake: dum, dum, dum, dum. Mpiga dramu Hal Blaine aliiweka hapo kwa sababu wenzake walikuwa wanashindwa kuingia pamoja. Ikaachwa hivyo, na ngoma ikabeba Grammy ya rekodi ya mwaka.